Mgongo Ule Haukuwa wa Bruce Lee

Waliokuwa vijana wa Mombasa miaka ya 70, na kwenda senema kuona kareti, hawajalisahau teke moja katika filamu ya Enter the Dragon ya mwaka 1973. Bruce Lee anajipindua kinyumenyume hewani na kumtia teke O'Hara.

Basi aliyejipindua hakuwa Bruce Lee. Alikuwa kijana wa Hong Kong aitwaye Yuen Wah, aliyevishwa nguo za stelingi akaupa kamera mgongo.

Nasema haya si kumvunjia Bruce Lee heshima. Ngumi na mateke yalikuwa yake, wala hakuna aliyemshinda. Lakini kujipindua hewani ni ufundi mwingine, na Yuen Wah, aliyezaliwa 1950, aliusomea tangu utotoni katika shule ya mwalimu Yu Jim-yuen, iliyofundisha michezo ya jukwaani ya Kichina: kuimba, sarakasi, panga na mikuki. Jina la Yuen wanafunzi walilipata kwa mwalimu huyo. Sisi tuliopita chuoni twaijua bakora, lakini aliyoyasimulia Jackie Chan, aliyesoma naye, yanatisha. Mazoezi tangu alfajiri mpaka usiku, na kipigo juu yake.

Watazamaji wa michezo hiyo walipopungua, vijana wale wakaingia kwenye filamu. Kazi yao ilikuwa kuanguka na kupigwa, na kufanya ya hatari kwa niaba ya mwenye jina. Mtu avunjike mbavu, sifa aende nazo mwingine! Mimi hilo silioni kuwa haki, ijapokuwa ndiyo desturi ya kazi yenyewe.

Bruce Lee alifariki 20 Julai 1973. Yuen Wah aliendelea, na baadaye akapewa kucheza adui. Mtazameni katika Dragons Forever ya 1988, mwembamba, sigara kubwa mdomoni, mateke kama umeme.

Heshima yenyewe ilichelewa. Mwaka 2004 Stephen Chow alimpa kucheza mwenye nyumba katika Kung Fu Hustle, bwana mlevi anayechapwa na mkewe, kumbe ni bingwa aliyejificha. Mwaka uliofuata akapata tuzo ya Hong Kong ya mchezaji bora msaidizi. Na 2021, miaka 70 imekwisha timu, alionekana katika Shang-Chi ya Marekani akiwafundisha vijana kupigana.