Figeac

Figeac ni mji mdogo wa kusini-magharibi mwa Ufaransa, katika wilaya ya Lot, mkoa wa Occitanie. Uko kando ya mto Célé. Unajulikana hasa kama mahali alipozaliwa Champollion, msomaji wa maandishi ya Misri ya Kale.

Watu waliozaliwa Figeac

* Jacques-Joseph Champollion-Figeac (1778–1867), mtaalamu wa mambo ya kale. Alisimamia masomo ya mdogo wake.
* Jean-François Champollion (1790–1832), mtaalamu wa lugha.
* Charles Boyer (1899–1978), mwigizaji wa filamu Ufaransa na Marekani.

Champollion na hieroglifi

Maandishi ya mwisho ya hieroglifi yanayojulikana yalichongwa mwaka 394. Baadaye ujuzi wa kuyasoma ulipotea. Mwaka 1799 lilipatikana Jiwe la Rosetta, lenye tangazo moja kwa hieroglifi, kidemotiki na Kigiriki.

Wataalamu wengi walidhani kila picha ni ishara ya wazo tu. Mwingereza Thomas Young alitambua sauti za baadhi ya alama katika majina. Champollion alikuwa amejifunza Kikopti, lugha iliyotokana na Kimisri cha kale. Mwaka 1822 alitangaza matokeo yake, na baadaye alionyesha kwamba alama nyingine huwakilisha sauti na nyingine maana.

Tangu hapo historia ya Misri haikutegemea tena Wagiriki na Warumi peke yao, bali pia maneno ya Wamisri wenyewe.

Nyumba alimozaliwa sasa ni sehemu ya makumbusho ya maandishi ya dunia.