Baridi ya Singida haiyeyushi mafuta, mwendo ndio unaoyayeyusha

Na Mwandishi Wetu

MIEZI ya Juni, Julai na Agosti ni miezi ya upepo mjini Singida. Mji huo umekaa katika uwanda wa juu, takriban mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na wakati wa kipupwe upepo mkavu wa mashariki huingia mitaani bila kizuizi kikubwa. Alfajiri joto hushuka chini ya nyuzi 15 za sentigredi, na jua huchomoza karibu saa 1 asubuhi. Aliyezoea joto la Dar es Salaam akifika huko katika majira hayo hulitafuta sweta kabla ya kutafuta chai.

Katika baridi hiyo husikika rai mbili kuhusu mazoezi ya mwili. Wapo wasemao kwamba kipupwe si wakati wa mazoezi, na viatu vyao huwekwa uvunguni hadi Septemba. Wapo pia waaminio kwamba baridi yenyewe huunguza mafuta, hivyo matembezi mafupi penye upepo hutosha kupunguza tumbo.

Rai zote mbili zina kasoro, na kasoro hiyo ina gharama. Kwa karani, mwalimu, fundi cherehani au dereva ambaye kutwa nzima yuko kitini, kuacha mazoezi miezi mitatu ni kuyaacha robo ya mwaka, na kila mwaka. Magonjwa ya kisukari na shinikizo la damu hayaendi likizo wakati wa kipupwe. Naye anayeitegemea baridi imfanyie kazi ya miguu hujipa matumaini ambayo mizani haitayathibitisha.

MWILI NI JIKO

Ili tuelewane, yafaa kwanza tujue kalori ni nini. Kalori ni kipimo cha nguvu iliyomo katika chakula na itumiwayo na mwili. Gramu moja ya wanga, uwe wa ugali wa mtama au wa mahindi, hutoa kalori zipatazo 4. Gramu moja ya mafuta hutoa kalori 9. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya alizeti, zao ambalo limeupa Mkoa wa Singida sifa nchini kote, hubeba kalori zipatazo 120.

Misuli inapofanya kazi, sehemu ndogo tu ya nguvu hiyo, kama robo au pungufu ya robo, hugeuka kuwa mwendo. Sehemu kubwa iliyobaki hugeuka kuwa joto. Ndiyo maana mama anayetwanga uwele asubuhi ya Julai huanza akiwa amejitanda khanga mbili, na baada ya muda mfupi huivua moja na kuitundika. Kinu hakikubadili hali ya hewa. Misuli yake imekuwa jiko.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali letu. Mwili ukipigwa na baridi, jambo la kwanza ufanyalo ni kubana mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi ili joto lisipotee. Huko ni kuweka akiba tu. Mafuta bado hayajaunguzwa kwa wingi. Baridi ikizidi, mwili huanza kutetemeka, na kutetemeka kwa nguvu kweli hula kalori nyingi: matumizi ya mwili yanaweza kufika mara tano ya yale ya mtu aliyepumzika. Lakini mtu anayetembea kwa kasi au kukimbia hatetemeki. Joto litokalo katika misuli yake linatosha, na pengine linazidi. Kwa hiyo, katika baridi ya kiasi kama ya Singida, nyongeza ya kalori itokanayo na ubaridi wenyewe ni ndogo sana.

Wataalamu wamezungumza pia kuhusu mafuta ya kahawia, aina ya mafuta ya mwilini ambayo kazi yake ni kuzalisha joto. Watoto wachanga wanayo kwa wingi. Mwaka 2009 tafiti kadhaa zilithibitisha kwamba hata watu wazima wengi wanayo kidogo, hasa shingoni na karibu na mabega, na kwamba baridi huyaamsha. Hata hivyo, kiasi chake ni kidogo, wala hakiwezi kuchukua nafasi ya matembezi.

HESABU YA NJIANI NA MEZANI

Mtu wa kilo 70 akitembea kilomita 5 kwa saa moja hutumia kalori zipatazo 250, zikiwemo zile ambazo mwili wake ungezitumia hata kama angekaa. Akizikimbia kilomita hizo hizo hutumia kalori zipatazo 350. Hesabu hiyo haibadiliki sana iwapo yuko Singida mwezi Julai au Tanga mwezi Februari.

Sasa tuingie jikoni. Vijiko viwili vikubwa vya mafuta vilivyoongezwa katika mboga, kwa kisingizio kwamba baridi inataka chakula kizito, vina kalori 240. Matembezi ya saa nzima yamerudishwa mwilini kabla sahani haijaoshwa.

Kisingizio hicho kina asili yake. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, waliwapa wanaume 11 kazi ya kuendesha baiskeli ndani ya maji kwa dakika 45, mara moja katika maji ya nyuzi 33 na mara nyingine katika maji ya nyuzi 20. Kalori walizotumia zilikaribiana. Lakini walipoachiwa chakula wale watakavyo, baada ya maji ya baridi walikula kwa zaidi ya asilimia 40 kuliko baada ya maji ya vuguvugu. Maji si hewa, na baridi ya majini hupenya haraka zaidi, lakini fundisho lipo: baridi huamsha njaa kuliko iunguzavyo mafuta.

Kosa jingine ni kulipima zoezi kwa jasho. Wapo wanaovaa sweta mbili na koti zito ili watoke jasho jingi, kisha hufurahi mizani ikishuka. Kilichopungua ni maji, nayo hurudi kwa bilauri mbili au tatu. Anayekimbia asubuhi ya kipupwe bila jasho jingi hajapoteza kazi yake.

FAIDA ILIYOPO

Je, baridi haina faidaʼ? Inayo, nayo ni kubwa: humwezesha mtu kwenda mbali zaidi. Penye joto kali moyo hubeba mizigo miwili, kupeleka damu kwenye misuli na kuipeleka kwenye ngozi ili mwili upoe. Penye ubaridi mzigo wa pili hupungua. Aliyechoka kwa dakika 30 mwezi wa joto anaweza kutembea dakika 45 mwezi Julai, na dakika hizo 15 ndizo zinazoongeza kalori.

Mwana wa Singida, Alphonce Simbu, ametuonyesha tofauti hiyo mwaka 2025. Mwezi Aprili, katika hali ya hewa ya ubaridi huko Boston, alishika nafasi ya pili katika marathoni kwa saa 2:05:04. Mwezi Septemba, katika joto la Tokyo, alinyakua ubingwa wa dunia kwa saa 2:09:48, akimshinda Amanal Petros wa Ujerumani kwa tofauti ya sekunde 0.03. Njia na mbinu za mashindano hayo hazifanani, lakini mkimbiaji yeyote wa mbio ndefu atakwambia kwamba joto hudai kodi yake.

NAMNA YA KUANZA

Shirika la Afya Duniani linashauri kila mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa juma, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Dakika 30 kwa siku tano zinatimiza sharti la chini. Asiyeweza alfajiri na atumie saa 11 jioni, kabla jua halijatua.

Anza polepole kwa dakika 10, kwa kuwa misuli iliyopoa hukakamaa na huumia upesi. Vaa nguo nyepesi mbili au tatu badala ya moja nzito, upate kuzipunguza mwili ukipata joto. Toka ukiukabili upepo na urudi ukiupa mgongo. Ukifanya kinyume, upepo utakukuta umelowa jasho wakati wa kurejea. Kunywa maji hata kama huna kiu, maana baridi huificha kiu huku ikimwongezea mtu haja ya kukojoa.

Wenye pumu na wajihadhari na hewa baridi yenye vumbi. Kitambaa au ncha ya khanga puani na mdomoni husaidia. Wenye shinikizo la damu au maradhi ya moyo na wapate kwanza ushauri wa daktari, kwani baridi hubana mishipa na kupandisha shinikizo. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au kukosa pumzi kusiko kwa kawaida ni amri ya kusimama na kwenda hospitali.

Zaidi ya hayo, yafaa familia itoke pamoja. Baba akitembea peke yake, kisha akarudi kudai mboga iliyojaa mafuta, nyumba nzima haikupata kitu. Lakini wazazi na watoto wakizunguka mtaa wao jioni, wakarudi kwenye ugali wa kiasi, mlenda na maharage, kipupwe kitakwisha wakiwa wepesi kuliko kilivyowakuta.