“Mtandao Hakuna”: Tatizo Liko Wapi Hasa?

Mwananchi anayetoka Mashewa kwenda Korogwe mjini, au Kwamsisi kwenda Mkata, kushughulikia leseni ya biashara huondoka nyumbani alfajiri, nauli ya kwenda na kurudi ikiwa imehesabiwa. Akifika dirishani akaambiwa, “Mama, mtandao hakuna, jaribu kesho,” hiyo kesho humgharimu nauli nyingine na siku nyingine ya shamba. Ana haki, basi, ya kufahamu mtandao huo ni kitu gani, na ni kwa njia gani mtaalamu huweza kujua umekatika wapi.

Tangu Mfumo wa Kielektroniki wa Malipo ya Serikali, GePG, ulipoanza kutumika mwaka 2017, malipo mengi ya umma hayapokelewi bila kumbukumbu namba. Ombi la namba hiyo hutoka katika kompyuta ya mhudumu, likapita katika waya uliofichwa ukutani, likaingia katika kisanduku chenye matundu mengi na taa ndogo za kijani. Kutoka hapo huenda kwenye rauta, kisha hutoka nje ya jengo kwa njia ya mkongo au mnara hadi kwenye seva za Serikali. Jibu hurudi kwa njia hiyo hiyo, na mambo yakiwa sawa, safari nzima ni ya sekunde chache. Popote njia hiyo inapokatika, mhudumu huona jambo moja tu: skrini imeganda. Hivyo magonjwa mengi hupewa jina moja.

Wakazi wa Handeni wanaufahamu mradi wa maji wa HTM, unaochota maji ya Mto Pangani upande wa Korogwe. Bomba likikauka Handeni, fundi mwenye busara huuliza kwanza maji yamefika hadi valvu ipi. Mtandao nao una valvu zake.

Kisanduku kile cha matundu mengi zamani kilikuwa habu. Habu ilipokea ujumbe katika tundu moja na kuutoa katika matundu mengine yote, mithili ya mtu anayesoma barua ya jirani mbele ya kijiji kizima. Siku hizi nafasi yake imechukuliwa na swichi, inayojua kompyuta ipi imechomekwa wapi, na kumpelekea kila mmoja kilicho chake. Kwa kuwa waya wa kawaida wa shaba hautegemewi kupita mita 100, majengo yaliyoachana huhitaji ripita, kifaa kinachopokea ishara iliyochoka na kuitoa upya ikiwa na nguvu. Kipo pia kifaa kiitwacho seva ya vituo. Awali kiliunganisha skrini nyingi na kompyuta moja kubwa. Leo mafundi hukitumia kama mlango wa nyuma wa kuzifikia swichi na rauta wakati mlango wa mbele umefungwa.

Niliwahi kusubiri huduma katika ofisi moja ya umma ambayo haina haja ya kutajwa. Foleni ilisimama tangu saa tatu asubuhi hadi baada ya adhuhuri. Kampuni ya mawasiliano ilipigiwa simu, ikajibu kwamba laini yake ni nzima, na ilisema kweli. Mtu fulani alikuwa ameona ncha ya waya chini ya meza, akaichomeka kwa nia njema katika tundu lililokuwa wazi, asijue kwamba ncha ya pili ilikwisha kuchomekwa katika kisanduku kile kile. Ujumbe ukawa unazunguka humo bila kutoka, ukijizidisha hadi njia yote ikajaa. Taa zote zilimetameta kama za sikukuu, nasi hatukupata huduma. Waliokuwa nyuma yangu walirudi makwao.

Programu ya kusimamia mtandao ingeliliona tundu hilo mapema. Programu ya namna hii hukaa katika kompyuta moja na kuvipitia vifaa vyote kila baada ya dakika chache, kama nesi wa wodini: je, u mzima? Umepitisha kiasi gani? Makosa mangapi? Umewaka tangu lini? Vifaa hujibu kwa lugha ya pamoja iitwayo SNMP, iliyowekewa kanuni zake mwaka 1988, na vingine hutoa taarifa vyenyewe kabla ya kuulizwa.

Thamani yake iko katika kulinganisha majibu. Vifaa vyote vya jengo vikinyamaza kwa pamoja, fundi hufikiria umeme kwanza. Swichi moja ikinyamaza na jirani zake zikijibu, huelekea chumba hicho akiwa na kifaa cha akiba. Vyote vikijibu lakini njia ya nje ikawa kimya, hapo ndipo inapofaa kumpigia mtoa huduma. Tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipokatika upande wa Afrika Kusini, intaneti ilisumbua sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Hitilafu ya namna ile hakuna fundi wa halmashauri awezaye kuitengeneza. Ya waya chini ya meza anaiweza, na isisingiziwe bahari.

Si kila kifaa huweza kujibu. Visanduku vingi vya bei ndogo madukani havina uwezo wa kusimamiwa. Programu huona swichi iliyo mbele yake, kisha giza. Kwa maoni yangu, kununua kisanduku cha namna hiyo kwa ajili ya dirisha la malipo au dawati la hospitali ni kuhamishia gharama kwa mwananchi. Zaidi ya hayo, kifaa kinachosimamiwa lakini kikaachiwa nywila ya kiwandani huweza kuchezewa na mtu yeyote aliyeingia katika mtandao huo.

Wapo wanaohofu kwamba programu hizi husoma taarifa za wagonjwa. SNMP huhesabu mizigo inayopita na kueleza hali ya kifaa. Haifungui mizigo hiyo. Wala programu haikazi waya uliolegea. Bado lazima mtu ainuke aende.

Ukiambiwa mtandao hakuna, muulize mhudumu kwa upole mambo mawili: je, madirisha mengine nayo yamekwama, na je, Kitengo cha TEHAMA kimekwisha kuarifiwa? Andika jina la ofisi, dirisha na saa. Ukiona hali hiyo inajirudia, mfikishie Mtendaji wa Kata karatasi yako. Saa uliyoandika ndiyo fundi atakayoitafuta katika kumbukumbu za programu, ili aone ni kifaa kipi kilichonyamaza wakati ule.