Hedifoni Moja ya Thamani Kubwa au Tatu za Wastani: Shauri la Sikio

Mtu aliyekusudia kutenga fungu la mapato yake ili anunue hedifoni hukabiliwa dukani na njia mbili: ama atoe fedha zote kwa chombo kimoja cha thamani kubwa, chenye mito ya ngozi laini, utepe wa madini na sifa ndefu zilizopigwa chapa juu ya kasha lake, ama fedha zile zile azigawe kwa hedifoni mbili au tatu za bei ya wastani, kila moja kwa mahali pake. Wauzaji na wapenzi wa muziki hulijibu swali hili kwa mizani ya ladha, wala ladha si jambo la kudharauliwa. Lakini mimi nataka kulipima kwa mizani ya siha, kwa kuwa kiungo kinachobeba matokeo ya uamuzi huo ni sikio, nalo halina akiba.

Ndani ya kila sikio, katika mfereji uliojikunja mfano wa kombe la konokono, mna seli zipatazo 15,000 zenye vinyweleo vidogo mno. Mawimbi ya sauti yafikapo huko huvipinda vinyweleo hivyo, na kupindika kwake ndiko kunakozaa ishara ya umeme inayopanda ubongoni. Ndege akipoteza seli hizi huota nyingine. Mwanadamu hakujaaliwa neema hiyo, na seli aliyozaliwa nayo ikifa haina badala. Makelele ya muda mrefu huanza kudhuru zile zinazopokea sauti nyembamba, hususa zilizo karibu na mitetemo 4,000 kwa sekunde, ndipo mtu akawa anasikia kwamba anasemeshwa, ila s, f na sh zinampotea katikati ya maneno, naye akadhani kwamba wenziwe wamezoea kunong'ona.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, pamoja na shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, lilitoa kanuni ya vyombo vya kusikilizia iliyoweka kadiri ya salama kwa mtu mzima kuwa desibeli 80 kwa saa 40 katika juma, na kwa mtoto desibeli 75 kwa saa hizo hizo. Hesabu ya desibeli ina ukali ambao wengi hawautambui, maana kila zinapoongezeka tatu, nguvu inayoingia sikioni huwa maradufu na muda wa salama hukatwa nusu: desibeli 83 ni saa 20, desibeli 86 ni saa 10, desibeli 89 ni saa 5, na ukifika desibeli 95, umebakiwa na saa moja na robo tu kwa juma zima. Shirika hilo hilo linakadiria kwamba vijana zaidi ya bilioni moja duniani wamo katika hatari kwa sababu ya namna wanavyosikiliza.

Sasa na tuulize: je, bei kubwa hununua kinga yoyote? Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alitangaza katika jarida la wanasayansi wa sauti wa Marekani vipimo vya hedifoni 283, za kuchomeka sikioni, za kulalia sikio na za kulizunguka, akilinganisha bei ya kila moja na jinsi inavyozitoa sauti nene na nyembamba kwa uwiano. Hakuona uhusiano wowote kati ya bei na uwiano huo. Habari hii ingestahili kubandikwa mlangoni mwa kila duka. Fauka ya hayo, makasha ya vyombo vya ghali hujisifu kwamba vinafikisha mitetemo 40,000 kwa sekunde, ilhali sikio la kijana mwenye afya njema hukomea karibu na 20,000, na la mtu wa makamo aghalabu halifiki hata 15,000, hivyo mnunuzi wake hulipia sauti ambayo hakuna mwanadamu awezaye kuisikia.

Kinachoamua salama ya sikio ni kelele za mahali pa kusikilizia. Mtazame kijana aliyeketi nyuma ya dereva katika daladala iliyojaa. Kituoni sauti ya simu yake imesimama katikati ya kipimo. Gari likaondoka, injini ikanguruma, vioo vikatetema, kondakta akapiga bodi kwa kiganja huku akiita majina ya vituo, na kidole gumba cha kijana kikagusa kitufe mara moja, mara mbili, mara ya tatu, pasipo yeye mwenyewe kutambua. Muziki lazima uipite kelele ndipo usikike, na kijana huyu afanyaye safari hiyo asubuhi na jioni anaimaliza kadiri yake ya juma kabla ya siku ya Jumatano. Mvishe hedifoni iliyo wazi mgongoni, kama Sennheiser HD 600 ambayo tangu mwaka 1997 imesifiwa na wapenzi wa muziki, kwa haki kabisa, kwa kuwa ilitengenezwa kwa ajili ya chumba kitulivu: ndani ya daladala haitazuia hata punje ya ngurumo, na kidole chake kitapanda vile vile. Mpe badala yake vyombo vile vidogo vyenye ncha za mpira laini zinazoziba tundu la sikio barabara, au aina inayozima kelele kwa kuzalisha wimbi lililo kinyume chake, ambayo huufaa mvumo wa injini kuliko inavyozifaa sauti za watu, naye atatosheka na sauti ya katikati mpaka mwisho wa njia.

Kwa sababu hiyo naona kwamba mtu anayesikiliza njiani, kazini na nyumbani atafanya busara akizigawa fedha zake, na chombo cha wastani si lazima kiwe duni. Sony MDR-7506 ilitoka mwaka 1991 kwa bei isiyotisha, na mpaka leo mafundi wa redio na wa studio wanaitumia kazini. Aliye na chumba kimoja kitulivu, asiyesikiliza penginepo popote, anunue chombo chake kimoja kizuri astaladhi nacho, maana hana kelele ya kushindana nayo.

Dukani pana hadhari mbili. Watafiti Fletcher na Munson wa maabara za Bell walionyesha mwaka 1933 kwamba sauti inapokuwa ndogo sikio hupungukiwa zaidi na sauti nene, na inapopandishwa besi hurudi na muziki ukaonekana umejaa. Kwa hiyo katika hedifoni mbili, ile inayotoa sauti kubwa kidogo tu ndiyo itakayopendeza, hata ikiwa dhaifu. Msihi muuzaji azisawazishe sauti kwanza. Ya pili ni mkao: mvaa miwani na auguse mto wa hedifoni pale mkono wa miwani unapopita juu ya sikio, kwani ufa mwembamba hapo huivujisha besi yote, na mwenye kukosa besi huifuata kwa kuongeza sauti.

Mito yenyewe huchakaa upesi kuliko spika iliyo ndani yake. Ile ya ngozi ya bandia huanza kubambuka, ikaacha chenga nyeusi shavuni kwa mwenye kutoka jasho, na mto uliobambuka hauzibi tena, kwa ghali na kwa rahisi sawasawa. Basi katika kugawa fedha, fungu la kwanza na liende kwenye kile kitakachovaliwa mahali penye kelele nyingi, cha nyumbani kifuate, na cha mtoto kiwe na kizuizi cha sauti cha desibeli 75. Mito ya akiba na ncha za mpira zinunuliwe siku ile ile, maana toleo likishaondoka sokoni mito yake hupatikana kwa taabu.