SAFARI YA SELI TUMBONI MWA MAMA



Wanafunzi wapenzi na wazazi wetu, katika Suratul Muuminun, aya ya 12 hadi ya 14, tumesoma hatua za kuumbwa mwanadamu: tone, kisha alaqa, kisha pande la nyama. Neno alaqa wengi hulifasiri kuwa pande la damu, lakini asili yake katika Kiarabu ni kuning'inia na kuambatana. Leo tuangalie jinsi wataalamu walivyouona mwambatano ndani ya kiinitete.

Seli ni chembe hai ndogo sana, na miili yetu imejengwa kwa seli. Kila mmoja wetu alianza akiwa seli 1. Ikagawanyika zikawa 2, 4, 8 na kuendelea. Kiasi cha siku ya 6 au 7, mkusanyiko huo huanza kujishikiza kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi. Lakini kugawanyika tu hakutoshi. Seli nyingi hutokea mbali na mahali zitakapofanya kazi, hivyo hazina budi kusafiri.

Mwaka 1868 mtaalamu Wilhelm His alichunguza kiinitete cha kuku, akaona ukanda mwembamba wa seli mgongoni. Baadaye ilibainika kuwa seli za ukanda huo huhama. Nyingine huenda kujenga mifupa ya uso, nyingine huipa ngozi rangi yake, na nyingine hufika hadi utumboni zikawa neva.

Je, seli husafiri vipi bila miguu? Mtazameni mkwezi wa mnazi. Hushika juu, hujivuta, kisha huachia chini. Asiposhika ataanguka, asipoachia hapandi. Seli nayo hutokeza sehemu ya mwili wake mbele, hushika, hujivuta, kisha huachia nyuma.

Ikifika, hushikana na wenzake. Mwaka 1955 Townes na Holtfreter walitenganisha seli za viinitete vya wanyama wa jamii ya chura na kuzichanganya. Seli zile zikajitenga tena, kila aina na wenzake. Miaka ya 1980 Masatoshi Takeichi wa Japani akazitambua protini ziitwazo kadherini, ambazo hushikanisha seli panapokuwa na kalsiamu.

Sasa tuje kwetu. Sisi wa Mingoyo tunajua kwamba barabara za Lindi, Mtwara na Masasi hukutana Mnazi Mmoja. Uso wa mtoto nao hujengwa kwa sehemu zinazotoka pande mbalimbali na kukutana katikati. Mdomo wa juu huungana kiasi cha juma la 6 au la 7 la mimba. Sehemu hizo zisipofikiana au zisiposhikana, mtoto huzaliwa na mdomo wa sungura.

Hapo minong'ono huanza: mama alimcheka mlemavu, au amelogwa, au mwezi ulipatwa. Ndugu zangu, hayo si kweli. Mara nyingi huwa ni mchanganyiko wa urithi na mambo mengine, kama moshi wa sigara na baadhi ya dawa. Tena wakati huo mama huenda hata hajajua kuwa ni mjamzito. Basi tusimlaumu, wala mtoto asifichwe ndani.

Tiba ipo. Mdomo hushonwa kwa upasuaji, kwa kawaida kuanzia miezi 3 hivi. Wazazi waanzie zahanati au Hospitali ya Sokoine, Lindi, waelekezwe. Mtoto akishindwa kunyonya, mama aombe wauguzi wamfundishe kukamua maziwa na kumnywesha kwa kikombe.

Nanyi wanafunzi, mkimpata mwenzenu wa namna hiyo darasani, kumbukeni katazo la kuitana majina mabaya katika Suratul Hujurat, aya ya 11. Mwiteni kwa jina lake, mkae naye mkeka mmoja.