Motere inagonga upande wa mbele? Usikimbilie tupa

Ndugu mtumikaji, siku ya mapumziko imefika, motokari yako ya zamani imesimama mbele ya nyumba, na jirani anakuambia: «Motere hii inagonga upande wa mbele, tuifungue.» Kabla ya kushika funguo, soma ukurasa huu pamoja na mama wa nyumba, maana kazi hiyo itafanyika karibu na jiko lake na katikati ya watoto wake.

Tuchukue mfano wa motere ya Chevrolet V8, ile iliyoanza kuuzwa mwaka 1955 na kupandishwa katika magari mengi ya mizigo. Ndani ya bloki, juu ya vilbreke, kuna mti wa chuma wenye vinundu, ambao mafundi wanauita abrakame. Vinundu vinasukuma pusuari, na pusuari zinafungua supape. Uso wa kila kinundu umelala kidogo sana upande mmoja, ili pusuari izunguke inapopanda na kushuka. Ulalo huo, pamoja na meno yanayozungusha delko, unausukuma mti wote kwenda nyuma. Nani anauzuia? Katika motere hizo za zamani hakuna kibati cha kuuzuia. Kibati kiliwekwa mwaka 1987, zilipokuja pusuari za magurudumu. Kabla ya hapo ni mgongo wa pinyo ya cheni unaoegemea uso wa bloki, chuma juu ya chuma, na mafuta kidogo katikati.

Mafuta yakichafuka, au mtu akibadilisha vyombo vya ndani bila kujua, pinyo inaanza kula bloki. Inachimba duara kama mfereji. Mti unakwenda nyuma na kurudi mbele, na kwa sababu delko inazungushwa nao, moto wa bujia haufiki tena kwa saa yake. Motere inatetemeka ikiwa polepole, na unga wa chuma unaingia katika mafuta. Lakini usihukumu kwa sikio peke yake, hata cheni iliyolegea inagonga. Ondoa kifuniko cha mbele, cheni na pinyo, weka rula ya chuma iliyonyoka juu ya uso wa bloki, halafu pitisha chini yake majani membamba ya kupimia. Hapo utajua mfereji una kina gani.

Sasa ndipo watu wengi wanaharibu. Wanachukua tupa, au mashini ya kusaga yenye disiki, na kusawazisha bloki ikiwa bado ndani ya motokari. Takataka zote zinaanguka katika mafuta na kwenda kula kusineti. Tena mkono wa mtu hauwezi kuuweka uso ule sawasawa na tundu la mti. Na hata ukiweza, umepunguza chuma: pinyo imerudi nyuma, cheni haiko tena katika mstari wake, vinundu vimeachana na pusuari zao. Bloki inapaswa kuvuliwa kila kitu na kupelekwa kwa fundi wa mashini. Yeye atakata uso kwa kipimo, kisha ataweka pete ya shaba nyeusi au beringi nyembamba ya sindano, yenye unene ule ule alioukata. Kazi hiyo inalipiwa, ndiyo. Motere nyingine inalipiwa zaidi.

Basi motere itatoka, na hapa tunakuomba sana uangalie. V8 ya chuma inapita kilo 200. Tawi la mwembe halikupimwa kwa mzigo huo, wala kamba ya kufungia mbuzi. Tafuta palani nzima na miguu yake mitatu ya chuma, tia mnyororo uliouona kwa macho yako, na mtu yeyote asiweke mkono wala kichwa chini ya mzigo. Kazini wewe mwenyewe hukubali kupita chini ya mzigo unaoning'inia. Mbona nyumbani unakubali? Usilale chini ya motokari inayosimama juu ya kriki peke yake. Toa waya wa betri kabla ya kufungua kitu chochote.

Kuosha vyombo kwa esanse ni desturi mbaya iliyozoeleka. Mvuke wake unatambaa chini mpaka kwenye mbabula, na moto unarudi kwako. Osha kwa mazutu, nje, mbali na moto, bila sigara mdomoni. Na wewe mama, usikubali esanse wala mazutu yawekwe katika chupa ya bia au ya Fanta. Mtoto akimeza, usimtapishe: mpeleke hospitali mara moja pamoja na ile chupa. Mafuta meusi yaliyotoka katika motere yana sumu inayoweza kuleta kansa ya ngozi yakigusa mikono kila siku. Vaa glavu, nawa kwa sabuni, usipanguse kwa kaputula utakayovaa juma zima.

Wakati wa kurudisha, kila pusuari irudi juu ya kinundu chake cha zamani. Ziweke kwa utaratibu katika sanduku tangu siku ya kwanza, na mtoto asizichezee. Ukitia abrakame mpya, pusuari nazo ziwe mpya. Bloki ioshwe tena baada ya mashini, na njia za mafuta zisuguliwe kwa brashi ndefu, kwani vumbi la chuma linajificha humo.

Abrakame mpya ya namna hii inataka motere izunguke kama mara 2000 kwa dakika, muda wa dakika 20 hivi, mara tu inapowaka. Dakika 20 ndani ya garaji iliyofungwa zinatosha kuua. Hewa ya sumu inayotoka katika eshapema haina harufu wala rangi. Inaanza na kichwa kuuma na miguu kulegea, na mtu anadhani ni uchovu. Sukuma motokari mpaka nje kabisa, mbali na dirisha la chumba wanamolala watoto, ndipo uiwashe.