Sophie na Salima: Tamthilia ya Kongo inayouliza nani ana thamani ya kuokolewa

Wasichana wawili wanafikishwa kwenye baa ya mji mdogo wa migodi, katika msitu wa Ituri, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wote wamebakwa na wapiganaji na hawana pa kurudi. Mwenye baa, Mama Nadi, anawakagua kama mtu anayenunua mbuzi sokoni, na anamtaka mmoja tu. Mfanyabiashara aliyewaleta, Christian, anamsihi awachukue wote wawili kwa bei ya mmoja.

Hivyo ndivyo inavyoanza Ruined, tamthilia ya mwandishi Mmarekani Lynn Nottage. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Chicago mwaka 2008, na mwaka 2009 ikampatia Nottage tuzo ya Pulitzer. Kabla ya kuiandika alisafiri hadi Uganda pamoja na mwongozaji Kate Whoriskey, akaketi na wanawake wakimbizi waliotoka Kongo na kusikiliza habari zao. Tamthilia hiyo imezungumzwa sana kama kazi inayohusu ubakaji vitani, na ni kweli. Lakini ukiifuatilia polepole utaona jambo jingine: wasichana hawa walitendewa uovu uleule, ila hawakutoka katika nyumba za aina moja, na tofauti hiyo inawafuata mpaka ndani ya baa.

Salima ni mke wa mkulima. Siku aliyotekwa alikuwa shambani akichuma nyanya, mtoto wake mchanga amemlaza kivulini, mumewe Fortune ameenda kununua chungu cha chuma. Mtoto aliuawa. Askari walimshikilia Salima msituni kwa miezi mitano, na aliporudi, kijiji na mumewe mwenyewe walimfukuza kwa sababu ya aibu. Hajui kazi nyingine isiyo ya jembe, na kwa Mama Nadi jembe halina kazi. Kwa hiyo anauza kitu pekee ambacho baa inanunua.

Sophie alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa kuingia chuo kikuu. Wapiganaji walimjeruhi vibaya kiasi kwamba hawezi kulala na mwanamume. Ndiye ambaye Mama Nadi anamwita "aliyeharibika". Kwa hesabu ya baa alipaswa kuwa wa kwanza kufukuzwa. Hakufukuzwa. Anajua kuimba, anajua hesabu, anashika daftari la mauzo. Jioni wenzake wakipaka rangi kucha, yeye anawasomea riwaya ya mapenzi. Na ana mjomba, yule Christian, mwenye bidhaa za kuuza na ulimi wa kubembeleza. Salima hana mjomba wa namna hiyo.

Yuko pia Josephine, binti wa chifu, ambaye hachoki kuwakumbusha wenzake cheo cha baba yake. Askari walipovamia, mke wa pili wa baba yake ndiye aliyewanyooshea kidole kwamba huyu ndiye binti wa chifu. Cheo kilichomlinda wakati wa amani ndicho kilichomtia mikononi mwao.

Ituri si Kivu Kaskazini, lakini mtu wa Masisi au Walikale hahitaji kufafanuliwa mambo haya. Masisi ni nchi ya vilima na malisho, ya ng'ombe na jibini inayouzwa hadi Goma. Baada ya sheria ya ardhi ya mwaka 1973, mashamba makubwa yaliyoachwa na wakoloni yalikwenda kwa watu wenye pesa na marafiki serikalini. Mkulima aliyekuwa akilima kwa ruhusa ya mwami alijikuta akiomba kipande cha kulima pembeni mwa malisho ya tajiri, na mara nyingi akikilipia kwa siku za kazi bila malipo. Vita vinapofika, mwenye malisho mara nyingi yuko Goma au Kinshasa, na anayekutwa shambani ni mwanamke mwenye jembe. Salima, kwa maneno mengine.

Rubaya, katika wilaya hiyohiyo ya Masisi, koltani inatolewa ardhini kwa sururu na koleo, na waasi wa M23 waliutwaa mji huo mwishoni mwa Aprili 2024. Ndani ya Walikale, Bisie ilijulikana tangu miaka ya mwanzo ya 2000 kwa madini ya bati, yaliyobebwa mgongoni kupita msituni hadi barabarani. Kila mgodi una nganda zake, na ndani yake kuna wanawake wanaopika na kuuza bia, na wengine wanaouza zaidi ya bia. Mama Nadi angepata mahali pa kufungulia mlango bila shida.

Walikale ina pia kumbukumbu mbaya kuliko zote. Kati ya Julai 30 na Agosti 2, 2010, wapiganaji walivamia vijiji 13 kwenye barabara ya Kibua hadi Mpofi, Luvungi kikiwamo. Umoja wa Mataifa ulihesabu watu wasiopungua 387 waliobakwa, wengi wao wanawake na wasichana. Ntabo Ntaberi Sheka, kiongozi wa mojawapo ya makundi yaliyohusika, alihukumiwa kifungo cha maisha na mahakama ya kijeshi mjini Goma mwezi Novemba 2020, miaka 10 baadaye. Hesabu hiyo haisemi ni nani kati yao alikuwa na ndugu mjini wa kumpokea, na nani alirudi kulima shamba lilelile.

Matibabu yapo. Hospitali ya Panzi mjini Bukavu, ya Daktari Denis Mukwege aliyepata tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, na HEAL Africa ya Goma zimewashona maelfu ya wanawake wenye majeraha kama ya Sophie, wengi bila kuwatoza kitu. Shida ni kufika. Mtu wa kijiji cha ndani Walikale anahitaji nauli ya pikipiki, pesa ya kupita vizuizi vya wenye bunduki, na mtu wa kubaki na watoto. Kwanza kabisa anahitaji kusikia kwamba upasuaji wa namna hiyo upo. Sophie alisikia, akaanza kuiba kidogo kidogo kwenye mauzo ya baa ili aulipie.

Kuelekea mwisho, Mama Nadi anatoa almasi aliyoificha miaka yote na kumkabidhi mfanyabiashara Harari, ampeleke Sophie akatibiwe. Harari anaondoka na almasi, msichana anabaki. Watazamaji wengi huugulia hapo, na wana haki. Lakini hakuna aliyepata kufikiria almasi kwa ajili ya Salima. Wakati huo ana mimba ya waliomteka, mumewe amerudi kumtafuta akiwa amevaa magwanda ya jeshi la serikali, na anakufa sakafuni mwa baa. Baada ya kifo chake tamthilia inamalizika kwa Mama Nadi na Christian kucheza dansi. Kuna waliouona mwisho huo mtamu mno. Mimi naona ugumu uko pengine: moyo wa Mama Nadi ulilainika kwa msichana aliyesoma, yule aliyejiona ndani yake, na mkulima hakumwona hivyo.

Kikundi cha Goma au Bukavu kitakachoiweka jukwaani kwa Kiswahili kitakuwa na uamuzi wa kufanya. Sophie ana nyimbo, na ni rahisi taa zote kumfuata yeye. Salima ana simulizi moja ndefu tu, ya nyanya, mtoto na chungu cha chuma. Apewe mchezaji bora waliye naye, bendi inyamaze, na asiharakishwe.